Zizi Moja

Chizuru, usiku wa kuamkia safari yako
simu iliita saa nane: sentimita kumi na nane, Isurugi, na bado inashuka.
Nikavaa buti gizani nisikuamshe.
Begi lako lilikuwa limesimama mlangoni
kama mgeni aliyekwisha kuaga.

Waliosema fahali wawili hawakai zizi moja
hawajashika zamu hapa kwetu,
pwani hii ya Japani ipokeayo pepo za Siberia,
ambako njia ya kurukia ni moja tu:
kusini abiria, kaskazini jeshi,
na katikati mimi na fagio langu la chuma.

Tulikuwa magari saba, mshazari, kama bukini waendao mbali.
La mbele la koplo Nosaka, mtoto wa juzi,
la nyuma langu.
Yeye hulipwa na wizara, mimi na mkoa;
theluji haijatuuliza hati ya mshahara.
Penye waya wa kunasia ndege za kivita
nilipunguza mwendo, nikainua fagio kidogo,
kama mtu anayemruka mtoto aliyelala.

Majira ishirini na sita ya baridi nimefanya hivi.
Najua wapi magurudumu ya kivita huacha weusi mfupi, mkali,
na wapi ya abiria huburuza,
kama mzee anayevua viatu.

Wewe ulikua na ngurumo.
Darasa la pili, mwalimu alinyamaza katikati ya sentensi,
chaki hewani, nanyi mkanyamaza naye hadi zipite,
kisha mkaendelea palepale: saba mara nane.
Bibi yako alitia vitambaa kati ya sahani.
Serikali ikatuletea madirisha ya vioo viwili, bure,
na tangu siku hiyo hatusikii ndege,
wala theluji ikiporomoka kutoka paani,
wala bibi akikohoa kwenye bustani ya figili.
Dirisha lake yeye hulala wazi.
“Nikilifunga,” husema, “nitajuaje nani kaondoka?”

Asubuhi nilikuwa nimeegesha kando, injini ikipoa.
Ndege yako ikajongea. Nikahesabu madirisha hadi la kumi na nne.
Ndipo king'ora.
Mnara ukasema neno moja, ndege yako ikasimama.
Milango ya banda la kaskazini ikafunguka, wakatoka wawili,
pua mbele, bila salamu,
wakapita juu ya lami niliyoifagia kwa ajili yako,
na moto wa mikia yao ukayeyusha kingo za kazi yangu.
Nilitetemeka hadi kwenye meno.
Sijui walifuata nini huko baharini.
Mara nyingi si kitu.
Mara nyingi ni ndege ya wengine imeukaribia mstari
ambao hakuna aliyewahi kuuona, ikageuka.
Mara nyingi.

Dakika kumi na moja. Ukaniandikia:
Baba, tumesimama. Kuna mtu ana sanduku la kaa hai, wanakwaruza.
Nikacheka peke yangu ndani ya gari la tani kumi na tisa.
Nilitaka kukujibu neno zito,
neno la baba, la kufungwa kwenye leso.
Nikaandika: Lami ni kavu.

Ukaenda. Nilikuona ukiinuka,
kisha wingu likakufunika bila haraka,
nami nikala tonge la wali alilonifungia mama yako,
limeganda katikati.

Saa tatu wale wawili wakarudi: mmoja,
halafu, baada ya muda nisioupenda, wa pili.
Redioni Nosaka alishusha pumzi, akasahau kuachia kitufe.
Sote tulimsikia. Hakuna aliyesema kitu.

Theluji ilikuwa imeanza tena,
juu ya alama zao na alama zako,
sawasawa.
Nikawasha gari.